Mkubwa ni jalala

Nilipopandishwa cheo kuwa meneja, nilipelekwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya uongozi na mawasiliano. Tulifundishwa kusimama wima, kutazama watu machoni, na kupanga hotuba ili isikike hadi mwisho. Mkufunzi aliijua kazi yake na sikatai kwamba nilinufaika. Lakini kwa siku zote tatu hatukufundishwa namna ya kupokea habari mbaya. Baada ya miaka kadhaa kwenye kiti hiki, naamini kabisa kwamba hilo ndilo somo lenyewe.

Wiki chache baada ya mafunzo, mhasibu kijana wa idara yangu aliingia ofisini kunieleza kwamba ripoti niliyokuwa nimeshaiwasilisha kwa bodi ilikuwa na kosa. Nikamwambia, "Sasa ndiyo unaniambia leo?" Sikupaza sauti wala sikumwadhibu. Yalikuwa maneno manne na uso uliokunjwa, basi, na kosa likarekebishwa siku ileile. Miezi ikapita, tukampoteza mteja mkubwa. Nilipofuatilia, nikakuta watu watatu katika idara walijua mapema kwamba mteja yule alikuwa amechoshwa na huduma yetu. Nikamuuliza mmoja wao, mtu aliyenizidi umri, kwa nini alinyamaza. Akanijibu kwa upole, "Bosi, tungekuambiaje?"

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Wengi huutumia msemo huu kumwonea huruma kiongozi, kwamba kila taka humwangukia yeye. Mimi nauona kama maelezo ya kazi yake. Jalala likizibwa, taka haziishi. Zinabaki vyumbani mwa watu na kuozea humo.

Tukio linalonirudia kila nikiwaza jambo hili ni la tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania. Ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia, ndani ya ukungu mzito. Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, ndiye aliyesimamia mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika hilo. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa haijatoka. Akasita, akamwagiza aiombe. Muda mfupi baadaye, ruhusa ya kuruka ikiwa bado haijatolewa, akaanza tena kuikimbiza ndege, na safari hii msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa amesikia mawasiliano ya redioni, akauliza kama ile ya Pan Am haijatoka barabarani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ndege zikagongana, na watu 583 wakafa.

Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi. Ukungu ulikuwepo, uwanja ulikuwa umefurika ndege zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na sauti za redioni ziliingiliana. Sitaki kuzifanya zote ziwe moja. Ila mimi hukwama kwenye lile swali la mhandisi. Aliona hatari, na alichoweza kukitoa kinywani kikawa swali. Hivi ndivyo walio chini wanavyotuonya sisi tulio juu, ofisini kama angani. Husema, "Samahani, labda sijaelewa vizuri." Husema, "Sijui kama tarehe ile bado inawezekana." Husema, "Nilikuwa nauliza tu." Meneja mwenye haraka hujibu swali, tena kwa usahihi, na onyo linampita. Ustadi ninaotamani tufundishwe ni huu wa kusikia king'ora ndani ya sauti ya adabu, na kumwambia mtu, "Subiri kwanza. Umeona nini?"

Sekta ya usafiri wa anga ililichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha kuhusu makosa ya kibinadamu katika chumba cha marubani, na mwaka 1981 shirika la ndege la United Airlines likaanzisha mafunzo ya kuyazuia makosa hayo kwa wafanyakazi wake wa ndegeni. Yalikuwa na pande mbili. Mdogo ajifunze kusema wazi, na mkubwa ajifunze kusikia. Maofisini tumeuchukua upande wa kwanza tu. Tunawatangazia watu kwamba mlango uko wazi, waseme bila woga, kana kwamba woga ni ugonjwa wao wa kujitibu. Hapo nadhani tunakosea sana, kwa sababu tunamtwika mnyonge mzigo wa mwenye nguvu.

Alan Mulally alipochukua uongozi wa Ford, kampuni ya magari ya Marekani, mwaka 2006, aliwataka wakuu wa idara waweke rangi kwenye chati zao kila wiki: kijani kwa mambo yanayokwenda vizuri, njano kwa yenye mashaka, au nyekundu kwa yenye matatizo. Mwanzoni karibu kila kitu kilikuwa kijani, wakati kampuni ilikuwa inaelekea kwenye hasara ya mabilioni ya dola. Hatimaye mmoja wa wakuu hao, Mark Fields, akaleta nyekundu, kuhusu gari jipya lililokuwa na hitilafu. Kikao kikanyamaza. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kusaidia. Wiki zilizofuata nyekundu nyingine zikajitokeza. Kuhutubia kuhusu ukweli na uwazi kusingefanya kazi iliyofanywa na makofi yale, maana kila aliyekuwa mezani aliona kwa macho yake kinachompata aliyesema.

Mimi nilianza kwa kumwita yule mhasibu na kumwomba radhi, miezi mingi baada ya kosa lenyewe. Alisema hakumbuki, ingawa macho yake yalionyesha anakumbuka neno kwa neno. Sikumlazimisha. Tangu hapo, mtu akiingia na habari mbaya, neno langu la kwanza ni ahsante, hata siku ambazo kifua kinawaka, na swali la pili ni tufanye nini. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla mhasibu yule hajaingia tena bila kuitwa. Alibaki amesimama karibu na mlango, karatasi mkononi, akasema, "Samahani bosi, nilikuwa nauliza tu." Nikaifunga kompyuta, nikamvutia kiti.