Mbayuwayu wanaomwita wao, manyoya yake yanaota kwetu

Mwenye nyumba wetu amebandika karatasi kwenye banda la baiskeli: dirisha la juu lisifungwe, na kazi ya kupaka rangi imesogezwa hadi Septemba. Sababu ni mbayuwayu waliojenga kwenye boriti. Mimi ni mtu wa Mwanza, ila naishi kijijini, nje kidogo ya Würzburg, Ujerumani, na baiskeli ndiyo inayonifikisha kwenye zamu ya alfajiri katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Kila nikiichukua, siti imejaa mavi ya ndege. Nikamuuliza jirani yangu, mama mmoja mstaafu, kama kiota hakiwezi kushushwa kikapachikwa kwenye mti. Akanijibu taratibu, neno moja moja, kwamba kiota cha mbayuwayu hakiguswi, sheria inakataza, na faini yake si ya kuchezea.

Iliniuma, sikatai. Mtu anahangaikia riziki, ndege anapewa haki ya banda zima. Lakini ukikaa na ndege chini ya paa moja utamtazama tu, utake usitake, na huyu nimemtazama sana. Mgongo wake ni buluu iliyokolea karibu na weusi, unang'aa jua likimpiga. Paji la uso na koo ni rangi ya udongo mwekundu, chini ya koo kuna mkanda mweusi kifuani, tumbo jeupe lisilo safi sana. Mkia umegawanyika pande mbili na kila upande unamalizikia kwenye unyoya mwembamba mrefu. Wa dume ni mrefu zaidi. Ukimweka kwenye mizani hafiki gramu 25. Anajenga kwa tope, donge moja moja analolileta mdomoni na kulichanganya na nyasi kavu, mpaka linatokea bakuli la nusu limegandamana na mbao. Jirani yangu yule yule, mwaka ambao mvua ya masika yao imegoma, hutoka na ndoo na kumwaga maji kwenye kipande cha udongo nyuma ya zizi la shemeji yake, ili ndege wapate tope la kujengea. Nimemwona kwa macho yangu, mama wa miaka sabini na kitu, anakoroga tope kwa jembe kwa ajili ya ndege.

Na wanapiga soga hawa ndege! Dume anakaa kwenye waya anaachia mlolongo wa sauti nyembamba za haraka, hazina kituo, mwishoni anamalizia na mkwaruzo mkavu, halafu anaanza upya.

Sasa kilichonifanya niandike. Kila mwezi wa nne wazee ninaowahudumia huuliza: wameshafika? Na siku wanapofika, habari inapita chumba kwa chumba: mbayuwayu wetu wamerudi nyumbani. Wetu. Nyumbani. Mara ya kwanza nilifurahi pamoja nao. Siku hizi nikisikia hivyo nyongo inanipanda kidogo, maana mimi najua wanatoka wapi.

Mbayuwayu anakuja Ulaya kuzaa. Anafika mwezi wa nne, analea mara mbili, akijaliwa mara tatu, na Septemba au Oktoba anaondoka. Muda wote uliobaki yuko safarini au yuko Afrika. Na kuna jambo moja ambalo nikiwaeleza wazee wangu wananyamaza kwanza: manyoya ya kurukia anayabadilishia Afrika. Hawezi kuyatupa yote kwa mpigo, ataanguka; anaangusha moja moja, jipya linaota, kazi inayochukua miezi mitano hadi sita. Ndiyo maana ukimwona Mwanza mwezi wa kumi na mbili mara nyingi amechakaa, hana ile mikia miwili mirefu, na mtu anaweza kudhani ni ndege mwingine. Ikifika Machi ni mpya kabisa. Ile buluu wanayoipiga picha hapa mwezi wa tano, ule mkia ambao jike huutazama anapochagua mume, vimeota kwetu, kwa chakula cha kwetu. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, tunaofunga madirisha kwa sababu yao na kuwafagia asubuhi chini ya taa, ndio waliomvisha.

Niwe mkweli kwenye hili. Wengi wa mbayuwayu wa Ujerumani hushukia zaidi Afrika Magharibi na ya Kati. Wanaokuja upande wetu wa bara hutoka zaidi Ulaya ya mashariki na Urusi. Kwa hiyo sidai kwamba aliyechafua baiskeli yangu ndiye anayelala Luchelele, ufukweni Mwanza. Lakini ni ndege wa aina moja, na kutoka hapa hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanza na Würzburg zenyewe ni miji ndugu tangu 1966. Mtu wa Würzburg akisema mbayuwayu ni wake, ndugu yake wa Mwanza ana haki ya kusema hapo hapo: na wangu.

Tena tulimjua zamani. Babu yangu alichunga ng'ombe Kwimba. Mvua za vuli zikikaribia, alikuwa akiona mbayuwayu wanapita chini chini kati ya miguu ya ng'ombe, wakidaka wadudu wanaoinuliwa na kwato, na jioni anawaambia wanawe jembe litolewe. Hakuwa na kitabu wala darubini. Sasa linganisha na waliosoma wa Ulaya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, aliandika kwamba mbayuwayu hukaa chini ya maji wakati wa baridi, na kwamba wavuvi huwavua kwa nyavu wakiwa wameshikamana. Miaka 200 baadaye Linnaeus, bingwa wa kuwapa viumbe majina, aliyempa huyu ndege jina lake la kisayansi mwaka 1758, bado aliamini kwamba hulala majini. Ushahidi wa mkononi kwa mbayuwayu wa Uingereza ulipatikana kwa pete: Mei 1911 John Masefield, mwanasheria wa Staffordshire, alimvisha ndege mmoja pete mguuni, na Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kumbe miaka yote hiyo wangeuliza wafugaji wa Usukuma wangeambiwa: huyu? Huyu yuko hapa, anazunguka na ng'ombe wangu.

Kwa hiyo siwasifii Wazungu kwa akili nyingi. Nawasifia kwa kitu kimoja: wakishajua kitu ni chao, wanakihangaikia. Na sisi, ambao tulijua mapema, tumeacha kumtazama.

Najua mtakachosema. Wa kwanza: "Umeondoka Igogo juzi, leo unatufundisha ndege. Limbukeni." Ndugu yangu, Igogo sijaiacha, mama yangu bado yuko pale, na shida ya maji na bei ya sukari naipata kwa simu kila Jumapili kabla hata sijauliza hali. Wa pili: "Watu wanatafuta ada ya watoto, wewe unalilia ndege." Ada nami natuma. Ila huyu ndege hakuombi kitu. Hagusi mpunga wako wa Magu wala mtama wako. Msimfananishe na kwelea kwelea. Chakula chake ni wadudu wanaoruka, anawadaka hewani, hata maji anakunywa akiwa anapaa, anagusa uso wa ziwa kwa mdomo na kupita. Mji wenye mbu kama wetu unamhitaji. Wa tatu ndiye mkali zaidi, atasema hizi ni akili za mbayuwayu, changanya na zako. Nimechanganya, kaka. Ndiyo haya naandika.

Anachokihitaji huyu mgeni kwetu ni kidogo: wadudu mchana na mahali pa kulala usiku. Hajengi kiota kwetu. Jioni, kabla giza halijaingia, wanakusanyika kutoka mashambani na mabondeni, wanazunguka juu kwa muda, kisha wanashuka ghafla kwenye matete na mafunjo na kulala humo kwa maelfu, na maji chini yao yanazuia paka. Ukikata matete yale umewavunjia nyumba wote kwa mara moja.

Na sisi tunakata. Tunachoma. Nilipokuja likizo, nilikwenda na mdogo wangu ufukweni upande wa Nyegezi, pale ambapo utotoni mtu hakuweza kuyaona maji kwa matete. Nilikuta udongo mweusi uliochomwa, mabaki ya matete yamebaki visiki, na katikati nguzo nne za kiwanja. Mdogo wangu akasema hapo patakuwa na sehemu ya kupumzikia, watu wataka kuona ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisiguswe, na hakuna mtu wa Mwanza asiyezijua mita 60. Mgambo wanazijua, madalali wanazijua, aliyesimika zile nguzo anazijua. Nilishindwa kula jioni ile. Mama alidhani naumwa.

Hapa ndipo wengine huniambia kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, Afrika hayawezekani. Yanawezekana na yamefanyika. Mount Moreland, karibu na Durban, kuna bonde la matete ambako mbayuwayu wanaokadiriwa kufika milioni 3 walikuwa wakilala. Serikali ilipotaka kujenga uwanja wa ndege wa King Shaka jirani tu na hapo, ikaonekana matete ya bonde yangetoweka. Watu wa pale walipiga kelele. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2010, matete yakabaki, na ikafungwa rada ya kuangalia makundi ya ndege yanapopaa na kutua ili ndege za abiria zisikutane nayo. Watu walikuwa wakibeba viti vyao jioni na kwenda kutazama. Hiyo ni Afrika, na ni ndege wetu yule yule. Sisi tuna Saanane, hifadhi ya taifa katikati ya jiji, dakika chache kwa boti. Tuna fukwe za Luchelele na mabonde ya Simiyu. Mtalii anayelipa fedha nyingi kwenda Serengeti kuwatazama nyumbu wanahama, anapita juu ya mji ambao una uhamaji mwingine unaotua kila Oktoba, na hakuna anayemwambia.

Nimeambiwa pia kwamba nimewageuka watu wangu, kwamba kila nikiandika nakosoa nyumbani. Hapana. Wajerumani nawakosoa usoni mwao: mazizi yao ya kisasa yamefungwa kila upande, ndege hapati pa kuingilia, nyua zimemwagwa zege hivyo tope halipo, na mashamba yamepigwa dawa mpaka wadudu wameadimika. Mbayuwayu wamepungua hapa kwa sababu hizo, na kukoroga tope kwa jembe ni kujaribu kurudisha kilichoharibiwa. Sisi hatujafika huko. Tope tunalo, wadudu tunao, ng'ombe wanatembea wazi. Kilichobaki ni matete, na matete hayagharimu chochote, yanataka kuachwa tu.

Kuhusu viota mnavyovishusha kwa fagio la buibui pale Kirumba na Mabatini, chini ya baraza za maduka: hao ni wenyeji, ndugu wa karibu wa huyu mgeni. Watambueni kwa tumbo la kijivu lenye uchafu uchafu na wekundu wa koo ulioteremka mpaka kifuani. Wanazaa hapo hapo mlangoni kwenu na wanakula mbu wenu mwaka mzima. Mnasema wanachafua ukuta. Chukua ubao wa upana wa sentimita 30, upigilie ukutani nusu mita chini ya kiota, uchafu wote utaangukia juu yake na wateja wako hawatadondokewa. Fundi seremala yeyote wa Mabatini atakukatia kipande hicho kwa bei ya sahani ya wali, na vifaranga wakisharuka, wiki kama tatu tangu waanguliwe, unaufuta na kuuacha pale pale kwa ajili ya msimu mwingine.