Lango la kiwanda kwenye mchepuo wa Arusha: lifunguke barabarani au nyuma?

Ardhi iliyo kando ya barabara ya mchepuo ya Arusha, ile ya kilomita 42.4 inayozunguka kusini mwa jiji kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, ina mvuto ulio wazi kwa yeyote anayetafuta eneo la kiwanda. Lami ipo, viwanja vikubwa bado vinapatikana, na lori hufika njia ya Moshi na Himo bila kupita katikati ya mji. Linapokuja pendekezo la kiwanda katika ukanda huo, mazungumzo huelekea upesi kwenye umbali wa bandari, Dar es Salaam au Tanga kwa upande mmoja na Mombasa kupitia Holili, mpakani na Kenya, kwa upande wa pili, ilhali swali linaloamua mengi zaidi ni dogo kwa sura: lango lifunguke moja kwa moja kwenye mchepuo, au kwenye barabara ya nyuma inayoungana na mchepuo katika makutano mamoja?

Hoja ya mwekezaji anayetaka lango mbele haistahili kubezwa. Semi-trela lenye kontena huhitaji nafasi pana ya kukata kona, na sehemu kubwa ya tambarare zilizo chini ya Mlima Meru zina udongo mweusi ambao wakati wa masika hunata na kuzamisha magurudumu. Barabara ya nyuma, ambayo kwa kawaida huwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ingepaswa kujengwa kwa tabaka nene, mitaro na makalavati kabla ya kubeba magari ambayo sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inayaruhusu kufikia tani 56. Nani alipe? Halmashauri itasema haina fedha, naye mwekezaji atajibu kwamba kodi anayolipa ndiyo ilikusudiwa kujenga barabara. Wote wawili wana ukweli kiasi.

Hata hivyo, mchepuo ulijengwa ili magari yasiyo na shughuli mjini yapite bila kukwama. Lango moja halitauharibu, lakini lango la kwanza hufungua mlango wa madai ya la pili na la tatu, na kila lango huja na watu wake: mama lishe, kijiwe cha bodaboda, fundi wa matairi, vibanda vya vocha. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, lakini hifadhi iliyo kwenye karatasi haimzuii mwenye njaa kununua chapati upande wa pili wa lami. (Nami sioni kosa lake, kosa ni la aliyechora lango bila kumchora mlaji.)

Hapa ndipo hesabu za usafiri mara nyingi hupotoka, kwa sababu huhesabu malori na kusahau miguu. Tuchukue mfano wa kiwanda kinachopokea tani 300 za malighafi na kutoa tani 300 za bidhaa kwa siku. Kwa lori la tani 30, hiyo ni mizigo 20, yaani kupita langoni mara 40 ukihesabu kuingia na kutoka, tena kwa saa 24. Kiwanda hichohicho kikiwa na wafanyakazi 600 kwa zamu, zamu moja tu ingejaza Hiace 40 za abiria 15, zote ndani ya nusu saa, huku zamu nyingine ikiingia. Zamu ikibadilika saa nne usiku, watu hao watatembea pembeni ya lami ya mwendo kasi, gizani, wakisubiri daladala ambazo wakati huo zimeanza kuwa haba.

Mabasi ya kiwanda ni jibu zuri kwa zamu ya usiku, ingawa huwagharimu wenye kiwanda na kuwapunguzia wenye daladala abiria wao. Kwa zamu ya mchana naona ni busara zaidi kuwaachia daladala, mradi LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ipange njia na kituo kiwe ndani ya barabara ya nyuma, si kwenye mchepuo.

Reli nayo hutajwa kama mkombozi. Treni ya abiria ilirejea Arusha mwaka 2020, na njia yenyewe imefika mjini tangu 1929. Lakini bidhaa za katoni bado zingepakiwa kwenye lori hadi stesheni, zishushwe na kupakiwa upya, hivyo faida yake iko zaidi kwa mizigo mizito isiyo na haraka, kama klinka ya kutengenezea saruji au mbolea.

Kwa uzani wangu, lango la nyuma linashinda, kwa masharti mawili. Mwekezaji agharamie makutano, yaani njia ya kupinda, taa na kivuko, naye apewe ahadi ya maandishi kuhusu barabara ya nyuma kabla hajamwaga zege la kwanza. Ndani ya uzio kuwe na mizani na maegesho ya kutosha malori yanayosubiri, ili foleni isitoke nje. Ahadi hiyo ikikosekana, kumlazimisha apite kwenye tope ni kumfukuza tu, na hapo ningekubali lango la mbele la muda, lenye tarehe ya kufungwa iliyoandikwa ndani ya kibali chenyewe.