Skrubu Sita na Mbuzi wa Krismasi

Desemba kwetu Kibosho, Kilimanjaro, kila anayetoka Dar lazima ashuke na kitu. Mwenye gari ashuke na gari, mwenye mchumba ashuke na mchumba. Mimi mwaka huo nilishuka na kimashine cha mkononi, kidogo kama mhindi wa kuchoma, kinachozungusha vijiwe na vimsasa vya kila aina. Kwenye boksi wameandika mizunguko 35,000 kwa dakika. Hiyo namba niliitaja getini, nikaitaja kwenye chai, na mjomba ambaye masikio yamechoka nikamtajia mara mbili.

"Kinakata nini?" kaka akauliza.

"Uliza hakikati nini."

Kazi ikapatikana tarehe 23: mlango wa banda la mbuzi. Bawaba zake mbili zilikuwa zimeoza, mlango unaburuza chini, kuufungua mpaka uunyanyue kwa goti. Bawaba mpya nilishazinunua soko la Mbuyuni, Moshi mjini, nikipanda. Kilichobaki ni kutoa za zamani, na hapo ndipo penyewe. Mkojo wa mbuzi una chumvi, chuma kikikaa nao karibu miaka kumi kinapoteza hata sura. Upande wa fremu zilikuwepo skrubu sita, tatu juu na tatu chini, zote za nyota, na nyota zenyewe zilishalika zamani. Kaka alikuwa amejaribu: bisibisi inazunguka, skrubu imetulia kama mzee wa baraza.

Ushauri wake ulikuwa mimina mafuta ya breki jioni, nenda kalale, asubuhi gonga vichwa kwa nyundo kidogo, halafu fungua taratibu. Ni ushauri mzuri, hata leo nakiri. Lakini mtu hawezi kubeba mizunguko 35,000 kutoka Dar halafu aje alale akisubiri mafuta ya breki.

"Basi tutoe mbuzi kwanza," akasema.

"Dakika tano tu, kaka. Utawasumbua bure."

Ndani walikuwemo majike wawili na dume mmoja aliyehasiwa, amenenepa, ambaye watoto walishaanza kumwita Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma wa sherehe, angali hai. Nadhani alikuwa anasikia.

Tukavuta ekstensheni kutoka jikoni, ikapita migombani hadi bandani. Nikavaa miwani ya jua ya mke wangu kulinda macho. Watoto wakajipanga.

Hapa nieleze vizuri, maana mbinu yenyewe ilifanya kazi, na hicho kipande watu wa nyumbani wakisimulia wanakiruka. Unafunga kijiwe chembamba cha kukatia, unachonga mstari mmoja katikati ya kichwa cha skrubu, upande hadi upande. Ule mstari ndio unaingiza bisibisi bapa. Shida ni kwamba hicho kijiwe ni kama biskuti. Mkono ukiinama kidogo tu, pa! kimepasuka. Cha kwanza kilipasuka kabla hata sijafika kwenye skrubu. Cha pili, kipande chake kikaruka kikagonga bati juu, watoto wakapiga makofi. Cha tatu kikashika. Cheche zikamwagika, ikatoka harufu ya kutu na samadi iliyoungua, na katikati ya ule wekundu ukatokea mstari mweupe unang'aa. Nikaweka bisibisi bapa, nikaegemea kwa kifua, nikasukuma.

Kwaa!

Ikaachia. Jamani, ile sauti. Nikaimalizia kuitoa, nikaishika kwa vidole viwili nikainyanyua juu watu waione, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba chuma kikisagwa hupata moto. Nikaitupa. Ikaingia kwenye buti la mvua la kaka, akiwa amelivaa. Alicheza ngoma ambayo sijawahi kuiona hata harusini.

Ya pili hadi ya tano zilinigharimu vijiwe vinne na sitaki kuzizungumzia. Nilipofika ya sita, ile ya chini kabisa, nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, jasho linaniingia machoni, sioni kitu kingine duniani zaidi ya kile kichwa cha skrubu. Nikachonga mstari, nikaweka kimashine pembeni, nikashika bisibisi.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "huo mlango sasa hivi umeshikwa na nini?"

"Subiri, inakuja."

"Nauliza tu."

Kwaa!

Jibu ni kwamba ulikuwa umeshikwa na hiyo skrubu, pamoja na komeo la upande wa pili lililokuwa limeoza kuliko bawaba. Ndafu alipiga kichwa kimoja tu. Mlango ukanilalia. Kisha Ndafu akapita juu ya mlango, majike wakafuata kwa foleni, kwato zao nikizihesabu kwa mbavu.

Ningekuwa nimezima kimashine, ingekuwa afadhali. Ndafu alinasa mguu kwenye waya akashuka nao migombani, kimashine kinamfuata nyuma kinavuma na kuchanachana majani makavu, naye kadiri anavyokisikia ndivyo anavyoongeza mwendo. Waya ukavutika mpaka plagi ikachomoka jikoni. Kimashine kikatumbukia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya shambani, kikatulia.

Mama akachungulia dirishani. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama," kaka akajibu. "Skrubu zote zimetoka."

Ndafu tulimkuta jioni kwenye maharage ya jirani, ametulia, anatafuna. Jirani hakupiga kelele. Alihesabu tu mistari ya maharage iliyolika, akasema Krismasi atakuja na ndugu zake wanne. Walikuja sita.

Bawaba mpya alizifunga kaka kwa bisibisi ya mkono, kila skrubu akiipaka grisi kwanza. Siku narudi Dar, mama alinifungia ndizi na maparachichi. Kaka naye akapitisha kichupa dirishani mwa basi, kimefungwa kwenye gazeti. Mafuta ya breki.

"Haya hayana mizunguko," akasema, "lakini yanajua kusubiri mbuzi watolewe."