Marehemu apewe cheti, aliye hai apewe dawati

Nina msimamo kuhusu vyeti vya heshima mashuleni na nausema mapema. Mwanafunzi aliyefariki kabla ya kumaliza, au aliyepatwa na ugonjwa ambao hautamruhusu kumaliza kabisa, shule impe cheti cha heshima bila kuzungushana. Mwanafunzi aliye hai na anayeweza kurudi, hata kama ana mtoto mgongoni, hata kama baba yake amempeleka kuchunga ng'ombe huko Bahi, asipewe. Huyo anadai nafasi yake darasani. Watu wengi wanayachanganya makundi haya mawili, na wengi wao wana huruma ya kweli, ndiyo maana nimeona niandike.

Nianze na marehemu.

Nilihudhuria mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ya kata wilayani Chamwino, mpwa wangu alikuwa mmoja wa wahitimu. Mnajua mahafali yetu yalivyo: maturubai, viti vya plastiki vya kukodi, wazazi wameshika mashada ya karatasi zinazometameta tayari kuwavisha watoto, keki mezani imefunikwa kwa neti. Kijana mmoja wa mkondo B alikuwa amefariki mwezi wa saba. Alisoma pale miaka mitatu na nusu. Kwenye orodha aliyopewa mshereheshaji jina lake lilikuwepo bado, limekatwa kwa kalamu nyekundu. Alipolifikia akasita kidogo, akaliruka, akasoma linalofuata. Wanafunzi wa mkondo ule wakatazamana. Mama yake alikuwa safu ya tatu, amevaa kitenge cha sare kilichochaguliwa na kamati ya wazazi tangu mwezi wa tano, alikwisha kukilipia. Alikaa ameshikilia pochi magotini mpaka majina yakaisha.

Nilimfuata mwalimu wa taaluma nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole, "Dada, tungempa cheti gani? Mtihani hakufanya."

Lakini hata wale waliopewa vyeti siku ile hawakuwa wamefanya mtihani! Mahafali ya kidato cha nne tunayafanya Septemba au Oktoba, mtihani wa Taifa unaanza Novemba, matokeo yanatoka Januari. Cheti kinachogawiwa pale chini ya turubai ni cha shule yenyewe. Kina muhuri wa mkuu wa shule na kinasema mtoto huyu alisoma hapa toka mwaka fulani. Cheti cha Baraza la Mitihani ni kingine kabisa, kina namba ya mtahiniwa na alama za kila somo, na hakuna mzazi anayeiomba shule ikitoe hicho. Kwa hiyo shule ile ilikuwa na uwezo wote wa kumwita mama yule mbele na kumkabidhi karatasi inayosema ukweli: mwanao alikuwa wetu, alisoma hapa, alifariki akiwa mwanafunzi wetu. Ingechukua dakika mbili. Hakuna waraka uliovunjwa, hakuna mtu aliyedhulumiwa.

Najua wakuu wa shule wanaogopa nini, na hofu yao si ya kupuuza. Hapa Dodoma tuliishi karibu sana na sakata la vyeti. Aprili 28, 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na baada ya hapo tuliwaona watu tuliowafahamu wakifunga virago. Tangu wakati huo mkono wa mwalimu mkuu unakuwa mzito anapoletewa karatasi yoyote isiyo ya kawaida aitie saini. Sawa. Basi kiandikwe kwa herufi kubwa CHETI CHA HESHIMA, uwekwe mwaka aliojiunga na mwezi aliofariki, nakala ibaki kwenye faili la shule. Cheti cha namna hiyo hakiwezi kumpatia mtu kazi hata akiamua kukitumia vibaya.

Tena heshima ya aina hii si ngeni kwetu. Novemba 2019 chuo hicho hicho cha Dodoma kilimtunuku Rais Magufuli udaktari wa heshima, wakati tayari alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia aliyoisomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikamtunuku Rais Samia. Nchi nzima ilielewa kwamba ile ni heshima, na hakuna mhitimu aliyelalamika kwamba shahada yake imeshushwa thamani. Kama tunaelewa hivyo kwa marais, tutaelewa pia kwa mtoto wa mkulima wa mtama.

Kwa wagonjwa naomba tuwe waangalifu zaidi, tusiwahi. Baraza la Mitihani kila mwaka likitangaza matokeo hutaja watahiniwa waliougua na kushindwa kufanya mitihani, na huwapa fursa ya kuifanya mwaka unaofuata. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anayelazwa kila muhula watu humhesabu kama ambaye hatafika popote, lakini Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye ugonjwa huo mwaka 2023. Kwa hiyo aulizwe yeye na wazazi wake. Akisema anataka kusubiri mwakani, shule isubiri naye.

Sasa nije kwa wale walio hai na wazima, ambao ndio wengi, na hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu. Wanasema: huyu binti kasoma miaka mitatu, kapata mimba, maskini, apewe hata cheti cha heshima asiondoke mikono mitupu. Wengine hutaja Marekani, ambako shule nyingi zimewapa vyeti wazee walioacha masomo kwenda kupigana Vita vya Pili vya Dunia, na Wamarekani wenye asili ya Japani waliotolewa shuleni na kufungiwa kambini wakati wa vita hiyo hiyo. Ni jambo zuri, nami ningewapa. Lakini wazee wale walipewa vyeti wakiwa na wajukuu. Hawakuwa wanatafuta kazi wala chuo. Binti wa miaka kumi na saba ana miaka arobaini ya kutafuta riziki mbele yake.

Jirani yangu huku Nkuhungu ana binti aliyeachia kidato cha tatu kwa ujauzito. Siku hizi anasoma jioni akijiandaa na mtihani wa QT, yaani mtihani wa maarifa unaomfungulia aliye nje ya shule njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, mwanaye akibaki na bibi, na lengo lake ni chuo cha uuguzi. Nilimweleza mjadala huu tukiwa tunachambua mchicha barazani kwao. Akaniambia, "Shangazi, wakinipa hicho cha heshima nitakipeleka wapi? Chuoni wanataka kemia na baiolojia." Halafu akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: baba yake angekitia kwenye fremu, angesema binti amemaliza shule, na maneno ya ng'ombe wa mahari yangeanza wiki hiyo hiyo.

Ndivyo itakavyokuwa. Cheti cha heshima kwa binti kama huyu kitaiondolea familia deni la kumsomesha, na shule nayo itaacha kumtafuta. Atakuwa ameagwa kwa makofi.

Na njia za kurudi zipo, tulizililia miaka mingi. Novemba 24, 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, ukatolewa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Asiyetaka kurudi kwenye sare ana Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ana QT. Ana vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa. Kinachowakwamisha mabinti ninaowafahamu ni nauli, mtu wa kubaki na mtoto, na mwalimu anayewatolea mfano mbaya mstarini. Wapo pia wanaozungushwa kupata barua ya uhamisho kwa sababu wanadaiwa michango, na hili linaniudhi kuliko yote. Mtu anayetaka kumheshimu mwanafunzi wa hivyo ampe barua yake leo, pamoja na matokeo yake ya kidato cha pili.

Bodi nyingi za shule zitakaa kupanga mahafali kabla ya Septemba. Wazazi mlioko kwenye bodi hizo, ombeni mambo mawili yaingizwe kwenye ajenda kabla ya bei ya maturubai na keki. La kwanza, majina ya waliofariki tangu darasa hilo lianze kidato cha kwanza, na nani atapokea cheti cha kila mmoja. La pili, majina ya walioacha, na kwa kila jina, nani alikwenda nyumbani kwao, lini, na aliambiwa nini. Mkuu wa shule asipokuwa na majibu ya hilo la pili, kikao kimpangie tarehe ya kuyaleta.