Kachumbari ya Halab

Shangazi yangu yuko Maskati tangu mimi sijazaliwa, lakini Kiswahili chake bado cha Ng'ambo ya Unguja, na ukali wake vilevile. Ijumaa moja alikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Asubuhi akanituma soko la Mutrah nikamletee sabuni ya Halab, vipande sita. "Ya kweli! Ukiniletea ya kupakwa rangi, utaikogea wewe mpaka iishe."

Halab ndiyo Aleppo, kule Syria. Sabuni yao hupikwa kwa mafuta ya zeituni yaliyotiwa mafuta ya mlaureli, humwagwa sakafuni, hukatwa, hugongwa mhuri kwa mkono, kisha hupangwa minara ipitishe upepo miezi 6 hadi 9. Mwaka 2024 UNESCO iliutia ufundi huo kwenye orodha yake ya urithi. Yote hayo niliyasoma kwenye simu ndani ya teksi, nikashuka mtaalamu.

Muuzaji, mzee wa Kishami, alinieleza kwa kirefu. Kiarabu changu ni cha chuoni: habari za Kiyama nakusimulia, bei ya sabuni inanishinda. Nilichoambulia ni kwamba ya kweli nje ni ya hudhurungi, ndani kijani, na majini inaelea. Nikalipa, nikaondoka na wasiwasi wangu.

Nyumbani nikajaza ndoo. Kipande kikaelea kama ngalawa. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaingia jikoni, nikakuta kisu na kibao, na pembeni ya kibao kotmiri iliyokwisha katwakatwa. Nikakata. Lo, kijani kibichi! Je, cha pili? Kijani. Cha tatu na cha nne nilikata kwa ushahidi. Cha tano na cha sita, nisiseme uongo, kwa raha tu. Sabuni iliyokauka vile haikatiki kistaarabu, chembe ziliruka kila upande. Adhana ikalia, nikazoa vipande vyangu kumi na viwili, nikakimbilia msikitini.

Niliporudi wageni walikuwa wameshazunguka sinia ya pilau. Kachumbari ilikuwa na ukungu mweupe, nikadhani shangazi kaitia mtindi. Kumbe chembe zangu zilikuwa zimekutana na limau.

Babu mmoja wa Wete alitia kijiko, akatafuna, akasita. Pembeni ya sharubu zake pakatokea kipovu, kikapasuka.

"Bibi," akasema kwa adabu zote, "kachumbari hii umeitia mafuta ya zeituni?"

"Hata tone."

Babu akalamba midomo, akafikiri.

"Yamo. Tena safi, hayakuchanganywa."

Shangazi, ambaye jikoni hapendi kuvaa miwani, aliitoa mfukoni, akaivaa, akainama juu ya bakuli. Kisha akaniinulia macho mimi.