Sukari ya asubuhi ikipanda: kuongeza insulini ya usiku au kuisogeza?

Mtu analala sukari ikiwa 7.8 (vipimo vyote hapa ni vya mmol/L), hali kitu usiku kucha, anaamka saa kumi na mbili na kukuta 11.6. Uamuzi wa haraka, nyumbani na hata kliniki, huwa ni kuongeza insulini ya jioni. Wakati mwingine ni uamuzi sahihi. Lakini kwa wanaotumia NPH, ile insulini yenye rangi ya maziwa, mara nyingi tatizo ni saa ya kuchoma kuliko idadi ya yuniti.

Kuanzia kama saa kumi alfajiri mwili hutoa kwa wingi kortisoli na homoni nyingine zinazolifanya ini limwage glukosi kwenye damu. Kongosho zima hujibu kwa kuongeza insulini. La mwenye kisukari haliwezi. NPH iliyochomwa saa moja jioni hufikia kilele takriban kati ya saa tano na saa tisa usiku, wakati mwili unaihitaji kidogo, na alfajiri inakuwa imeanza kuisha. Ukiongeza yuniti, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inaangukia usiku wa manane. Sukari inashuka ukiwa usingizini, na asubuhi inabaki karibu palepale.

Ndiyo maana kipimo cha saa tisa usiku hakina mbadala. Stripu ni ghali, kwa hiyo usiku mbili au tatu zinatosha: pima unapolala, saa tisa, na unapoamka. Ukipata 7.8, 7.4 kisha 11.6, sukari imepanda alfajiri tu. Zungumza na daktari kuhusu kuisogeza NPH hadi saa nne usiku, dozi ileile. Ukipata 8, 10.5 kisha 12.6, inapanda usiku kucha, na hapo wanaotetea kuongeza wana haki: yuniti 2 kila baada ya siku 3, mradi hakuna kipimo chini ya 4. Ukipata 13, 12.8 kisha 13.4, insulini ya usiku imefanya kazi yake. Kosa liko kwenye mlo wa jioni au insulini ya mlo huo, na ukiongeza NPH utakuwa unatibu sahani ya ugali kwa dawa ya usingizini.

Ukikuta 3.4 saa tisa, amka ule sukari vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, na kesho dozi ya jioni ipunguzwe kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa miaka mingi tumefundishwa, kwa kufuata nadharia ya mwanakemia Michael Somogyi ya miaka ya 1930, kwamba mshuko wa usiku ndio unaosababisha sukari ya juu asubuhi. Vipimo vya usiku kucha vya siku hizi haviiungi mkono sana: anayeshuka usiku mara nyingi huamka na sukari ya chini. Hata hivyo mshuko wenyewe unaweza kuua, kwa hiyo sababu ya kupima inabaki.

Kusogeza saa kuna mtego mmoja mkubwa. Anayetumia mchanganyiko wa 30/70, kama Mixtard, asiuhamishie saa nne usiku. Asilimia 30 yake ni insulini ya haraka, na ukiichoma bila chakula utashuka. Kinachowezekana, kwa maelekezo ya kliniki, ni kuzitenganisha: ya haraka kabla ya mlo wa jioni, NPH wakati wa kulala. Hiyo ni sindano moja zaidi kwa siku, na wapo watakaoshindwa kuidumisha. Pia igeuzegeuze chupa ya NPH taratibu mara 10 au zaidi hadi rangi iwe moja. Isipochanganyika, dozi ya leo na ya kesho hazilingani, na vipimo vyote hapo juu vinakosa maana.

Je, glargine, insulini ya kisasa inayofanya kazi muda mrefu, si jibu rahisi zaidi? Haina kilele kikali, na WHO iliziingiza insulini za aina hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wenye wagonjwa 756 wa kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kuwa glargine na NPH ya wakati wa kulala zilishusha sukari kwa kiwango kilekile, ila glargine ilileta mishuko michache ya usiku. Upande wa pili, uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2018, uliofuatilia watu zaidi ya 25,000 wa aina ya pili, haukuona tofauti katika mishuko mikali ya kupelekwa hospitali. Kwa maoni yetu, mwenye aina ya pili asiyeshuka usiku hana sababu ya kuuza kuku kwa ajili ya glargine kabla hajajaribu NPH ya saa nne. Mwenye aina ya kwanza, au anayeshuka mara kwa mara, apewe kipaumbele. Akihama kutoka NPH ya mara mbili kwa siku, aanze na asilimia 80 ya jumla: aliyekuwa na yuniti 40 aanze na 32.