Ukweli na Upungufu wa Kauli ya "Mwili Umezoea"

Wabanguaji wa korosho wa Newala na Tandahimba husema mikono yao imezoea, na ukiitazama utawaamini, kwa maana viganja vimekomaa na ncha za vidole zimeota sugu. Msuguano wa kila siku huzifanya seli za ngozi zizaliane upesi na kujaa keratini, protini ngumu inayoilinda nyama iliyo chini. (Mafuta ya ganda la korosho ni habari nyingine, hayo huunguza, sugu au pasipo sugu.)

Kauli hiyohiyo husemwa kuhusu presha, na hapo ndipo ninapoanza kusita. Mwenye presha ya 160 kwa 100 anayepalilia mikorosho tangu alfajiri bila kuhema hudai kwamba mwili wake umezoea, wala hasemi uongo. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hugawanyika kwa nadra mno, hivyo zikilazimika kusukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa, kila moja hunenepa kwa kujiongezea nyuzi za kujikunja, na ukuta wa chemba ya kushoto, ambao kwa kawaida ni kama sentimita 1, huwa mnene. Pasipo unene huo moyo ungezidiwa mapema. Hata hivyo, mishipa midogo ya damu haiongezeki kwa kadiri ileile, makovu hupenya baina ya seli, na ukuta uliokakamaa hushindwa kutanuka vyema kupokea damu, ingawa mwenyewe bado hahisi lolote. Wapo wanaouita unene huo ugonjwa tangu mwanzo. Naona wanakaza mno, kwani presha ikidhibitiwa kwa dawa ukuta huo huweza kupungua taratibu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kichocho cha mkojo, ambacho si kigeni Lindi wala Mtwara. Mayai ya minyoo ya kichocho yanayonasa katika ukuta wa kibofu huuchokoza kwa miaka, hata seli za utando wake, zilizoumbwa kutanuka mkojo unapojaa, zikachukuliwa nafasi na seli bapa zinazofanana na za ngozi. Hizi huvumilia uchokozi vizuri zaidi, lakini ukiendelea huweza kupoteza mpangilio na hatimaye kuwa saratani. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo inayotaga mayai hayo, na badiliko la mwanzo huweza kurudi nyuma. Mpangilio ukishavurugika, kuua minyoo peke yake huenda kusitoshe kuurejesha.